Mugumo wa Westlands ulinusurika, nyumba za Kibera zikabomolewa: nani anaamua kipi ni urithi barabara inapopita mjini?

Mwana wa Majengo (mwanzisha uzi)

Wana jukwaa, salaam. Uzi huu ni mrefu, naomba subira yenu.

Zamani kidogo nilipata kibarua cha kuwasaidia wapima ardhi waliokuwa wakitafuta njia ya barabara huku Eastlands, Nairobi. Nilikuwa nabeba fito ya vipimo na kupaka rangi vigingi, na jioni namsomea karani majina ya mitaa ili ajaze fomu. Fomu ile ilikuwa na safu nyingi: mtaro, mti mkubwa, nguzo ya stima, kaburi, nyumba ya ibada. Safu ya mwisho iliuliza kama kuna jengo au mahali penye thamani ya kihistoria. Tulipofika mtaa niliozaliwa, Majengo ya Pumwani, karani hakuniuliza. Aliandika "Hakuna", akafunua ukurasa wa pili.

Sikusema neno. Nilikuwa kijana na nilihitaji ule ujira wa siku. Barabara yenyewe haikupita hapo mwishowe, lakini neno lile sijalisahau, na kila mradi mpya wa barabara unapotangazwa hapa mjini hulikumbuka. Njia ya barabara huanza kuchorwa katika fomu kama ile. Ukishaandikwa "Hakuna", mtaa wako unakuwa ndio njia rahisi.

Hebu niwaambie kilichokuwa hapo ambacho karani hakukiona.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na wakoloni wakaigawa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walichukua vilima vya magharibi na kaskazini, Wahindi wakakaa Parklands na Ngara, Mwafrika akasukumwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaonasa miguu mvua ikinyesha. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mtaa rasmi wa Waafrika. Watu walipewa viwanja wakajijengea wenyewe nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Jina lenyewe ni la kwetu, mahali pa kupumua. Ukumbi wa Pumwani Memorial ulijengwa kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Jirani yake ni Kariokor, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita hivyo, ndilo lile lile lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam. Ukivuka kidogo uko Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, ambako ukumbi wa jamii ulikuwa mahali pa wanasiasa wetu kuhutubia na kubishana hata watu wakauita bunge, miaka kadhaa kabla Mwafrika hajawa na bunge lake.

Bibi yangu, mama yake baba, hakuzaliwa Majengo. Alizaliwa Pangani ya zamani, kijiji kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Alikuwa mtoto. Alikumbuka mlango wa kwao ukibebwa kwa mkokoteni, kwa sababu babake alikataa kuuacha. Kwa hiyo mtu wa mashariki ya mji huu amekwisha kuhamishwa mara moja, na mwingine mara mbili, kabla ya huyu wa leo mwenye fito kufika.

Sasa nije kwenye Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia. Mnaijua: kilomita 27, kutoka Mlolongo kupitia Mombasa Road na Uhuru Highway hadi Westlands. Ujenzi ulianza 2020, magari yakaruhusiwa kupita kwa majaribio Mei 2022, na Julai mwaka huo ikazinduliwa rasmi. Ilipokuwa bado kwenye makaratasi, mwaka 2019, ilijulikana kuwa ramani ingemega kipande cha Uhuru Park. Watu walipiga kelele, na walikuwa na haki. Hii ndiyo bustani ambayo Wangari Maathai aliipigania mwaka 1989 isijengwe jumba la ghorofa 60. Pembe yake moja ndiyo Freedom Corner, ambako akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa mwaka 1992. Serikali ikasema ramani itabadilishwa.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya mugumo. Mkuyu mkubwa kando ya Waiyaki Way, Westlands, wenye umri unaokadiriwa kupita miaka 100, ulikuwa ukatwe. Kwa Wakikuyu mugumo ni mti wa ibada. Watu wakaandamana, picha zikaenea duniani, na Novemba 2020 ikatoka amri ya Rais kwamba mti usiguswe, tena ukatajwa kuwa urithi wa utamaduni na mazingira. Mti upo hadi leo. Nilikwenda kuutazama kwa macho yangu na nilifurahi kwa dhati. Msinielewe vibaya hapo.

Lakini rudini nyuma miaka miwili, Julai 2018. Tingatinga ziliingia Kibera asubuhi ya baridi kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Watu wapatao 30,000 walibaki nje, na shule zilivunjwa pamoja na nyumba. Kibera! Mtaa ambao Wanubi, askari wa KAR (jeshi la mkoloni Mwingereza) na familia zao, walipewa kukaa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, wakauita Kibra kwa lugha yao, yaani msitu. Kumbukumbu iliyoko pale ina umri sawa na ule mugumo. Hakuna aliyetoa amri kwamba mtaa huu ni urithi. Kisha njooni mbele hadi Oktoba na Novemba 2021, Mukuru kwa Njenga, makumi ya maelfu ya watu wakavunjiwa kupisha barabara nyingine ya kuunganisha huku eneo la viwanda.

Ninachotaka tujadili ni hiki. Urithi wa mji unalindwa pale ambapo umekwisha kuandikwa, na umeandikwa pale walipokaa wenye kalamu. Pasipoandikwa, mhandisi anaona eneo wazi lenye watu wengi na ardhi ya bei ya chini. Halafu tunaambiwa njia imechaguliwa kwa hesabu tu.

Nitatoa mfano mmoja unaonichoma. Pale mjini kuna Kipande House, jengo la mwaka 1913, limehifadhiwa kama mnara wa kitaifa. Ndiko babu zetu walikokuwa wakiandikishwa na kupewa kipande cha kuvaa shingoni. Ni sawa lihifadhiwe, watoto wetu walione. Ila chumba alichorudi kulala babu yangu akiwa na kipande hicho shingoni, chumba alicholipia kodi na kuzalia watoto sita, hicho fomu ilisema hakipo.

Dereva wa Syokimau

Kaka, nimesoma yote na nakuheshimu, lakini niruhusu nikupinge. Mimi naishi Syokimau, kazi yangu Westlands. Kabla ya Expressway nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili nifike saa mbili. Watoto nilikuwa nawaona wakiwa wamelala. Leo natumia chini ya nusu saa barabarani. Huo ni uhai wangu umerudishwa. Mji wa watu zaidi ya milioni 4 hauwezi kukaa na barabara za enzi ya mkoloni kwa sababu kila jiwe lina hadithi. Tukiandika kila nyumba ya Eastlands kuwa urithi, hospitali tutajenga wapi? Reli? Maji taka? Na jambo jingine: Expressway haikubomoa Kibera wala Mukuru. Hizo ni barabara nyingine. Usizichanganye.

Mwana wa Majengo

Ndugu, asante. Hilo la mwisho umelisema sawasawa na nimelitenganisha kwa makusudi: ni miradi mitatu tofauti. Nimeiweka pamoja kwa sababu mji ni mmoja, miaka ni ile ile minne, na kipimo cha thamani hakikuwa kimoja.

Kuhusu uhai wako uliorudishwa, sina neno la kuupinga. Mzazi kuwaona watoto wake wakiwa macho ni jambo kubwa. Ila tuitazame ramani yote. Mji huu kwa hesabu ya usafiri ni kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. NAMATA, mamlaka ya usafiri ya eneo hili lote, iliundwa 2017 ili izifikirie kwa pamoja. Sasa barabara ya juu inamchukua mtu wa Machakos na abiria wa uwanja wa ndege, inawapitisha juu ya South B na Nairobi West na kando ya Mukuru, inawashusha Westlands. Anayekaa chini ya nguzo amepata nini? Ada zilipopandishwa Januari 2024, gari dogo liliwekewa kati ya shilingi 170 na 500 kwa safari moja kulingana na umbali. Boda boda hairuhusiwi, tuktuk hairuhusiwi, na anayetembea kwa miguu hana njia. Na Nairobi, zaidi ya safari 4 katika kila 10 ni za miguu. Wale vijana unaowaona alfajiri wakitiririka kutoka Mukuru kwenda viwandani ndio wengi wa mji huu. Wao wanavuka Mombasa Road pale pale ilipokuwa, ila sasa imeongezwa nguzo.

Barabara ya Outering, huku Eastlands, nako ni hivyo hivyo. Ilipopanuliwa, magari yalianza kukimbia kabla madaraja ya watembea kwa miguu hayajakamilika, na wakazi wa Eastlands walizika watu. Mama mmoja muuza mboga, rafiki wa mama yangu tangu usichana, aligongwa akivuka kurudi nyumbani na kapu lake. Alikuwa amevuka mahali pale kwa miaka 30, kabla ya lami mpya. Alijua nyakati zote za barabara ile, isipokuwa kasi mpya.

Na usawa wa kimaeneo haumaanishi kwamba Syokimau ikose. Kituo cha treni Syokimau kilifunguliwa 2012, na reli hiyo hupita Imara Daima na Makadara kabla ya kufika mjini. Ni njia iliyokuwepo tayari, haihitaji kumhamisha mtu mpya kwa kiasi kile, na inamchukua wewe na inamchukua mtu wa Makadara kwa nauli anayoiweza. Najiuliza mji wetu ungekuwaje kama hamu iliyokwenda kwenye nguzo zile ingekwenda kwenye mabehewa.

Mkazi wa Ubungo

Mkuu Mwana wa Majengo, uzi umetulia. Nachangia kutoka Dar.

Huku kwetu 2017 bomoabomoa ya Morogoro Road, Kimara mpaka Kiluvya, wengi mnaikumbuka. Hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati, kwa sheria yenye mizizi ya enzi ya mkoloni. Watu walikuwa na nyumba, baa, makanisa, misikiti, vituo vya mafuta, wengine wamekaa hapo miongo mingi. X nyekundu ikapigwa, fidia hakuna kwa sababu umo ndani ya hifadhi. Lakini kuna kitu kimoja nataka kukiweka mezani kwa haki. Novemba mwaka ule ule Rais Magufuli aliagiza jengo la TANESCO, shirika letu la umeme, pale Ubungo nalo libomolewe sehemu iliyoingia kwenye hifadhi, na la Wizara ya Maji nalo likatajwa. Sehemu ya jengo la TANESCO ikavunjwa kweli. Sisemi kwamba hilo lilimrudishia mtu wa Kimara paa lake. Ila nakumbuka watu mtaani wakisema, angalau kipimo kimekuwa kimoja.

Swali langu: je, kipimo kimoja kinatosha? Maana TANESCO walikuwa na pa kwenda.

Mwana wa Majengo

Mkuu, swali lako ndilo lilinifanya nisilale jana. Hapana, hakitoshi. Futi moja ya kamba ikimkata mwenye nyumba kumi na mwenye nyumba moja, kamba ni moja ila jeraha ni mawili. Asante kwa kulileta.

Nataka niwape kisa cha mbali kidogo, kwa sababu kinaonyesha jambo hili waziwazi kuliko chochote nilichowahi kukutana nacho. Ni mji wa New Orleans, Marekani.

Mji ule una mtaa wa kale wa Wafaransa, French Quarter, wenye nyumba za vibaraza vya chuma kando ya Mto Mississippi. Ulikuwa na chombo chake cha kuulinda, Vieux Carré Commission, tangu miaka ya 1930. Hatua chache nyuma yake kuna Tremé, mmoja wa mitaa ya kale kabisa ya watu weusi nchini humo. Katikati ya Tremé kulikuwa na Claiborne Avenue. Barabara pana, na katikati yake kisiwa kirefu cha nyasi chenye safu za mialoni mikubwa iliyokutana matawi juu. Chini ya ile mialoni ndipo watu weusi walipofanyia sherehe zao za Mardi Gras, wakati wa ubaguzi ambapo sehemu nyingine za mji hazikuwataka. Watoto walicheza hapo, maandamano ya mazishi yenye tarumbeta yalipita hapo, na maduka ya bima, ya dawa na ya nguo yalijipanga pande zote mbili.

Mwaka 1946 Robert Moses, yule mpangaji wa New York, alipendekeza barabara ya juu ipite mbele ya French Quarter, ukingoni mwa mto. Mpango ulikaa ukakaa, ukafufuliwa, na miaka ya 1960 ukapata wapinzani hodari. Mawakili vijana wawili, Richard Baumbach na William Borah, waliupigania kwa miaka. Walikuwa na kitu cha kushika mkononi: mtaa ulikuwa umetangazwa alama ya kihistoria ya taifa 1965, na 1966 Marekani ikapata sheria ya kuhifadhi mambo ya kale pamoja na kifungu cha sheria ya usafiri kinachozuia barabara kupita kwenye mahali pa kihistoria ikiwa kuna njia nyingine. Julai 1969 Waziri wa Usafiri, John Volpe, akaufuta mradi. Leo watalii wanatembea pale mtoni.

Na Tremé? Februari 1966, mwaka ule ule wa sheria zile, mialoni ya Claiborne ilikatwa. Barabara ya I-10 ikapandishwa juu ya nguzo za zege mahali pa miti. Nyumba takriban 500 zikaondoka. Maduka yakafa moja moja, kwa sababu nani anataka kununua kofia chini ya ngurumo za malori?

Mji mmoja, miaka ile ile, na umbali kati ya mitaa hiyo miwili unautembea kwa miguu. Mmoja ulikuwa kwenye orodha.

Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Watu wa Tremé hawakuondoka chini ya zile nguzo. Wanakutana hapo hadi leo siku za sherehe, ngoma zinapigwa chini ya zege. Wasanii wamechora mialoni kwenye nguzo. Na mwaka 2021 Ikulu ya Marekani yenyewe iliitaja Claiborne kuwa mfano wa barabara iliyowakata watu vipande, na sheria ya miundombinu ya mwaka huo ikatenga dola bilioni 1 kwa ajili ya kuunganisha tena mitaa ya namna hiyo nchi nzima. Miaka 55 ilikuwa imepita. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mialoni ilipokatwa alikuwa amekwisha kuwa mzee wa miaka 65.

Dereva wa Syokimau

Hiki kisa sikuwa nakijua. Kile cha kuchora mti kwenye nguzo kimenikaa. Nabaki na hoja yangu kwamba mji lazima ujenge. Lakini nakubali kitu kimoja: sijawahi kujiuliza ninapita juu ya nini.

Binti wa Langoni

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Lamu, nimekuwa nikisoma kimya tangu jana, sasa nimeona niseme.

Ndugu yangu Mwana wa Majengo, kauli yako kwamba kinacholindwa ni kilichoandikwa, sisi ni mashahidi wa pande zote mbili. Mji wetu wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Ulipokuja mradi wa LAPSSET, bandari pamoja na barabara na bomba na reli vya kwenda hadi Sudan Kusini na Ethiopia, watu wa Lamu walikwenda mahakamani. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamua kwamba haki zetu zimevunjwa, haki ya utamaduni ikiwemo, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mahakama iliuzungumzia mji wa kale na hadhi yake ya UNESCO. Kwa hiyo karatasi ilitusaidia.

Lakini tazama. Kilichoandikwa UNESCO ni majumba ya mawe, milango ya nakshi na misikiti. Mvuvi na mikoko yake, njia zake za majini anazozijua usiku bila taa, hazikuwa kwenye orodha ile. Ilibidi wazee wasimame mbele ya jaji waeleze bahari yao kwa mdomo. Basi msiandike nyumba peke yake. Andikeni na kazi za watu. Mtu wa Majengo si kuta zake tu, ni mahamri anayouza alfajiri, ni maulidi, ni nani anaosha maiti wa mtaa. Barabara ikikata hayo, kuta zikibaki zitabaki kama ganda.

Mwana wa Majengo

Wa alaykum salaam dada yangu. Umenifundisha. Nilikuwa nafikiria matofali.

Watu watatu wameniandikia pembeni wakiuliza kifanyike nini, kwa hiyo nijibu hapa hapa. Mimi si wakili, nitaeleza ninavyoelewa, wenye taaluma warekebishe.

Mwenye mtaa unaopimwa asingoje tingatinga. Kigingi cha kwanza ukikiona, uliza ni cha nini, kwa maandishi. Kenya tuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: ukiomba taarifa ofisi ya umma, inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Omba ramani ya njia, omba na zile njia nyingine zilizofikiriwa zikaachwa. Hizi za pili ndizo muhimu zaidi, kwa sababu hapo ndipo unaona mtaa wako ulilinganishwa na nini. Kila mradi mkubwa lazima uwe na ripoti ya athari kwa mazingira, na wananchi hupewa muda wa kutoa maoni kwa NEMA, mamlaka ya mazingira. Ripoti hizo zina sehemu ya utamaduni na historia. Nendeni moja kwa moja kwenye ukurasa huo. Mkikuta "Hakuna", andikeni kilichopo, majina na miaka, mtie sahihi, mpeleke kabla muda haujakwisha.

Kuna Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, inayompa waziri uwezo wa kutangaza mahali kuwa turathi kwenye gazeti rasmi la serikali. Na kwa wasio na hatimiliki, Katiba ibara ya 40 inaruhusu fidia hata kwa wakaaji wa nia njema wasio na karatasi. Watu wengi wa Kibera na Mukuru hawakuwahi kuambiwa hilo. Nasema "inaruhusu", haijalazimisha, na hapo ndipo pa kupigania.

Yote haya yanahitaji kitu kimoja mkononi: kumbukumbu zilizoandikwa kabla ya mradi. Ukianza kuandika baada ya X kupigwa utaonekana unatunga. Ndiyo maana sisi watu wachache wa Majengo, Shauri Moyo na Kaloleni tumeanza daftari. Tunakwenda nyumba kwa nyumba. Nani aliijenga, mwaka gani, alitoka wapi, mlango ulitoka wapi, chumba kipi kilikuwa madrasa, chumba kipi kilificha watu wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni. Baada ya maneno ya dada wa Lamu tutaongeza kurasa za kazi: mafundi wa kiondo wa Kariokor, wafua vyuma wa Kamukunji, wapishi wa maulidi, waosha maiti. Tunapiga picha kila mlango. Tunaandika na simu ya mwenye nyumba ikiwa ameridhia. Tumefika nyumba 61.

Mlango wa bibi upo. Ule uliotoka Pangani kwa mkokoteni. Umepakwa rangi mara nyingi, sasa ni wa kijani, na uko katika nyumba ya shangazi yangu. Ndio ukurasa wa kwanza wa daftari.

Mjukuu wa Kariokor

Habari zenu. Ni mara yangu ya kwanza kuchangia jukwaa hili. Mama yangu ana sanduku la bati la babu, aliyekuwa karani wa reli Muthurwa. Lina picha za harusi kama kumi na tano, nyingi zimepigwa nje ya ukumbi wa Pumwani na nyingine Kaloleni. Nyuma zimeandikwa majina na tarehe kwa kalamu ya wino. Mama hajui azifanyie nini, na mwaka jana alitaka kuzichoma kwa sababu wadudu wameanza kuzila. Je, zinafaa kwa daftari lenu?

Mwana wa Majengo

Ndugu yangu, tafadhali mwambie mama asizichome. Asizifute hata vumbi kwa kitambaa chenye maji, na asizibandike popote. Azitoe kwenye bati, aziweke kwenye bahasha za karatasi, si mfuko wa plastiki, mbali na jiko.

Jumamosi hii baada ya swala ya alasiri tutakuwa kibarazani kwa shangazi, nyumba ya mlango wa kijani. Njoo naye mama mwenyewe kama anaweza kutembea, tutamtafutia kiti. Hatutazichukua picha zake. Tutazipiga picha hapo hapo mbele yake, naye atutajie kila uso anaoujua, na sisi tutaandika.

Kuna bibi wa miaka 91 hapa jirani aliyeolewa kwenye ukumbi ule. Nitamwomba naye aje.